Maneno ya Chupa: Vitamini na Vidonge vya Kupunguza Mwili Katika Mizani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ewe ndugu msomaji, katika nyumba zetu za pwani kuna maandishi yanayosomwa siku hizi kuliko vitabu vingi, nayo ni yale yaliyobandikwa juu ya chupa za vitamini na vidonge vya kupunguza mwili. Huyasoma mama jikoni. Huyasoma binti aliyeposwa akaambiwa kuwa vazi la harusi halitamwenea. Huyasoma mzee aliyeelezwa na daktari kuwa sukari yake imepanda. Hutumwa simuni na shoga kwa shoga yake na dada kwa ndugu yake. Na maadamu ni maandishi yasomwayo na kuaminiwa, tena watu huyatolea fedha kisha wakayatia matumboni mwao, basi yanastahiki kupimwa kama yapimwavyo maandishi mengine.

Huenda mtu akauliza: Sheikh ana nini na vidonge? Jawabu ni kwamba sisi walimu si matabibu, wala hapa hatumwandikii mtu dawa. Lakini kazi ya chuoni ni kusoma maneno na kuuliza: neno hili maana yake nini, limesemwa na nani, dalili yake iko wapi, na ni nani atakayelibeba likidhihiri kuwa ni la uwongo? Kazi hiyo twaijua. Basi natuichukue karatasi ya chupa kama tuchukuavyo matni darasani, tuifasiri neno baada ya neno. Hatutaji jina la bidhaa wala la muuzaji, kwani maneno haya hukaribia kuwa ni mamoja katika chupa zote.

Neno la kwanza: Vitamini

Neno hili si la zamani. Lilizuliwa mwaka 1912 na mwanachuoni wa Kipolandi, Casimir Funk, alipokuwa London, akalitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Lakini jambo lenyewe lilijulikana kabla ya jina lake. Mwaka 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliwajaribu mabaharia waliokuwa wakitoka damu katika fizi kwa kukaa baharini bila ya matunda, akaona waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Na mwishoni mwa karne ya kumi na tisa huko Jawa, nchi ya ndugu zetu Waislamu wenye kufuata madhehebu ya Imam Shafi kama sisi, tabibu wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wake wanalegea miguu. Walikuwa wakilishwa wali mweupe wa jikoni mwa hospitali ya askari. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa askari kupewa kuku wasiokuwa wa jeshi; kuku wakarudishwa kwenye mchele wenye ngozi yake, wakapona. Ndipo ikajulikana kwamba katika ile ngozi ya punje tunayoitupa mna kitu ambacho mwili hauwezi kukikosa. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Sasa yatazame mambo haya, ewe msomaji. Kila ilipotajwa vitamini, alitajwa mtu au mnyama aliyepungukiwa. Vitamini zote, nazo ni 13, kazi yake ni kuziba pengo. Hakuna katika habari zile hata moja iliyosema kuwa mtu mnene alipewa vitamini akakonda. Ni kweli kwamba mwili hutumia vitamini za jamii ya B katika kukigeuza chakula kuwa nguvu, na hapo ndipo wauzaji waliposhika, wakasema kuwa mwenye kuzizidisha atachoma mafuta zaidi. Hiyo ni kiasi batili. Mlango huhitaji ufunguo ili ufunguke. Lakini mwenye funguo kumi za mlango mmoja haingii mara kumi.

Tena ziada yenyewe haikosi kuwa na hesabu. Vitamini za jamii ya B na vitamini C zikizidi, sehemu kubwa hutoka na mkojo, na fedha zako zikatoka pamoja nazo. Lakini A, D, E na K hukaa katika mafuta ya mwili na katika ini, zikajikusanya. Vitamini A ikizidi kwa mwanamke mja mzito yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; na D ikizidi sana hupandisha chokaa katika damu, ikaumiza figo. Kitu kilichoumbwa kwa kiasi hakigeuki kuwa bora kwa kupita kiasi.

Neno la pili: Husaidia

Hili ndilo neno la werevu kuliko yote. Chupa haisemi kuwa hukondesha. Husema kuwa husaidia, au hutia nguvu juhudi za kupungua. Na neno hili halikuja kwa bahati. Marekani, ambako nyingi katika bidhaa hizi huanzia, ilitunga sheria mwaka 1994 yenye kuviweka virutubisho vya nyongeza mbali na dawa. Kwa sheria hiyo mtengenezaji halazimiki kuithibitishia serikali, kabla ya kuuza, kwamba kitu chake kina faida. Ameruhusiwa kusema kwamba kinasaidia kazi fulani ya mwili, maadamu hasemi kuwa kinatibu ugonjwa, na chini aandike kwa herufi ndogo kwamba serikali haikuyapima maneno hayo. Herufi kubwa ni za ahadi, na herufi ndogo ni za kujivua.

Na ukimuuliza mwenye chupa: husaidia kiasi gani, kwa muda gani, na kwa nani? Hapati mtu jawabu. Katika mlango wa biashara fiqhi yetu imekataza uuzaji wenye gharari, yaani kitu kisichojulikana sifa wala kadiri yake. Huwezi kuniuzia samaki aliye baharini. Basi neno lisilo na kadiri linauzwaje kwa fedha zenye kadiri?

Kisha husomwa maneno haya: tumia pamoja na kula kwa kiasi na kufanya mazoezi. Subhanallah! Mwenye kula kwa kiasi na kutembea kila siku atapungua, chupa iwepo au isiwepo. Mfano wake ni wa mtu aliyepanda ngalawa yenye tanga zima na kusi ikivuma, naye mkononi ameshika kipepeo anapepea. Walipofika bandarini akasema kuwa kile kipepeo ndicho kilichowafikisha.

Hata hivyo haki ya neno isidhulumiwe. Iko hali ambayo vitamini humsaidia kweli anayepungua. Mtu aliyepunguza chakula sana kwa amri ya daktari huenda akapungukiwa na madini na vitamini. Aliyepasuliwa tumbo ili lipunguzwe huandikiwa vitamini za kutumia muda mrefu. Na kuna dawa ya kupunguza mwili inayozuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Nayo huzizuia vitamini zinazosafiri pamoja na mafuta, ndiyo maana wenye kuitumia huambiwa wale vitamini kwa wakati mwingine. Lakini angalia: katika hali zote hizi vitamini ni mlinzi wa aliyekwisha kupungua kwa njia nyingine. Mlinzi si mkondeshaji. Na anayejua kama mlinzi anahitajika ni daktari aliyekupima, chupa haikukuona.

Neno la tatu: Ya asili

Watu wetu wakisikia kuwa kitu ni mitishamba, wametua mzigo. Lakini mbono ni mti wa asili, na punje zake zina sumu yenye kuua. Uasili wa kitu si ushahidi wa usalama wake.

Chukua zile chai za kukondesha. Nyingi ndani yake mna sanamaki, dawa waliyoijua bibi zetu na ambayo imetajwa katika hadithi za tiba. Bibi zetu waliijua kuwa ni dawa ya tumbo lililofunga, itumiwe siku moja au mbili kisha iachwe. Kazi yake iko katika utumbo mpana, na chakula kikifika huko, mafuta na sukari yake yamekwisha kuingia mwilini. Kinachotoka ni maji na uchafu. Binti akipanda mizani akaona kilo mbili zimeondoka, zilizoondoka ni za maji, na akinywa maji hurudi. Akiendelea miezi, mwili hupoteza madini yanayoendesha mapigo ya moyo. Sanamaki haina kosa. Kosa ni la aliyeitoa katika mahali pake.

Au chukua mmea uitwao efedra. Uliuzwa Marekani kwa jina la asili katika vidonge vya kupunguza mwili, mpaka serikali yao ikaupiga marufuku mwaka 2004 baada ya watu kupatwa na maradhi ya moyo na kiharusi, na wengine kufa. Chai ya kijani ikinywewa kikombeni haina neno. Lakini ilipokamuliwa ikafanywa vidonge vikali, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake huenda zikaumiza ini.

Na liko kubwa kuliko hayo, nalo ni kile kisichoandikwa. Kulikuwa na dawa ya kupunguza mwili iitwayo sibutramini. Mwaka 2010 iliondolewa Ulaya na Marekani, baada ya utafiti kuonyesha kuwa huzidisha mshituko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Ikatoka madukani kwa jina lake, ikarudi bila ya jina. Watafiti walipozihesabu bidhaa ambazo Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizikuta na dawa za siri baina ya mwaka 2007 na 2016, walipata 776. Na karibu mbili katika kila tano zilikuwa za kupunguza mwili, nyingi zikiwa na sibutramini ndani yake.

Hapa, ndugu msomaji, ikumbuke ile hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu la nafaka, akautia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ilinyeshewa mvua. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwa nini asiiweke ile yenye maji juu ili watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Ile nafaka ilikuwa na maji tu. Je, ingekuwaje lau vidole vingekuta sumu? Karatasi ya chupa ndiyo nafaka kavu ya juu; na wengi wetu hatuna mkono wa kufika chini.

Neno la nne: Imethibitishwa

Neno hili ni letu sote wenye elimu, nalo tusiliache litumiwe ovyo. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti kuhusu kiini cha kahawa mbichi, ukisema kuwa waliokitumia walipungua sana. Habari ikaenea duniani na vidonge vikauzwa. Utafiti wenyewe ulifanywa India kwa watu 16 tu. Mwaka 2014 mamlaka ya biashara ya Marekani ilieleza kuwa uzito wa watu wale ulibadilishwa maandishi zaidi ya mara moja, kampuni iliyogharimia ikakubali kulipa dola milioni 3.5, na waandishi wakauondoa utafiti wao. Lakini mpaka leo vidonge vya kahawa mbichi bado vinauzwa. Uwongo uliokwisha kufutwa na mwenyewe bado wauzwa na mwingine.

Wanavyuoni wetu walitutangulia katika jambo hili. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, alieleza kuwa alilitibu kundi moja la wagonjwa wa ubongo kwa kuwatoa damu na akaliacha kundi jingine kwa kusudi, apate kujua athari ya tiba yake. Na Ibn Sina katika kitabu chake al-Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi isiyochanganyika, ijaribiwe katika ugonjwa mmoja usiotatanika na mwingine, athari yake ionekane daima si mara moja, na ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwani iliyojaribiwa kwa simba au farasi haithibitishi habari za mtu. Umepita muda wa karibu miaka elfu tangu yaandikwe maneno hayo. Sasa itie chupa katika mizani hiyo. Ndani yake mna vitu kumi vilivyochanganywa. Mwenye kuitumia amepunguza wali na ameanza kutembea. Ushahidi wake ni picha mbili za mtu asiyejulikana, kabla na baada. Hakuna sharti hata moja lililosimama.

Neno la tano: Sunna

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwani muuzaji wake hutoka kwetu. Utaona chupa ya habasoda iliyoandikwa kuwa huyeyusha kitambi, na juu yake hadithi tukufu isemayo kuwa mna ponyo ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na sisi tunaiamini. Lakini mwenye kuisoma lazima aisome kwa elimu. Imam al-Khattabi alieleza kuwa hilo ni neno la jumla lililokusudiwa baadhi, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote. Nao wanavyuoni wakatoa mfano wa upepo wa kina Adi, ambao Qurani katika Sura ya Ahqaf imesema kuwa uliangamiza kila kitu, na papo hapo ikataja kuwa maskani yao yalibakia yakionekana. Mwanafunzi anayesoma usulu anajua tofauti ya aam na khass. Muuzaji wa chupa haijui, au anajifanya haijui.

Majaribio madogo yaliyofanywa na matabibu yameonyesha kuwa habasoda huenda ikapunguza uzito kidogo. Asemaye hivyo amesema haki. Ama asemaye kuwa Mtume (s.a.w.) ameahidi kitambi kuyeyuka kwa mwezi mmoja, huyo amemsingizia Mtume neno asilolisema, na adhabu ya jambo hilo inajulikana. Tena ana hasara ya pili: yule binti akinunua, asikonde, hataitilia shaka chupa peke yake, itaingia shaka katika hadithi. Nani atakayeijibu shaka hiyo Siku ya Kiyama?

Neno lisiloandikwa

Msomaji mwema, chini ya maneno hayo matano kuna neno la sita ambalo halikuchapwa, nalo ndilo liuzalo chupa: aibu. Chupa humwambia mwanamke kuwa mwili wake ni kosa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa mama yake alitaka anenepe kabla ya kuingia nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), akawa akilishwa matango na tende mbichi mpaka akanawiri. Pwani yetu nayo kwa muda mrefu ilimsifu bibi harusi aliyejaa. Leo mizani imegeuka, na kesho itageuka tena. Mwenye kuukimbiza mwili wake nyuma ya macho ya watu hatapumzika. Na amesimulia tena Bibi Aisha kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda; miaka ikapita, mwili ukamzidi, wakashindana tena naye akashindwa. Mtume akacheka, akasema kuwa hii ni badala ya ile. Hapana kejeli wala neno la kuvunja moyo. Enyi waume, ni wangapi katika nyinyi wanaocheka namna hiyo? Dhihaka yako mezani huenda ndiyo iliyomtuma mkeo dukani.

Hatusemi kuwa unene hauna madhara. Ukizidi huvuta kisukari, presha na maradhi ya magoti, nayo yamejaa mijini mwetu. Lakini sababu zake tunazijua bila ya kusoma lebo: vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe cha chai, mahamri asubuhi, wali wa nazi mchana, viazi karai na kaimati jioni, na mwendo wa hatua mia tunaupandia bodaboda. Qurani imetuamrisha kula na kunywa na ikatukataza israfu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, amempa mwanadamu vijitonge vya kumsimamisha mgongo, na akizidi basi thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi. Na vitamini tunazozinunua chupani ziko katika mchicha, mapera, maembe, dagaa, mayai na mchele usiokobolewa mno. Pera moja lina vitamini C kuliko chungwa, na bei yake haihitaji mkopo.

Basi hukumu yetu juu ya maandishi haya ni hii: ni maandishi yenye maneno mengi na dalili chache, lililo kweli ndani yake ni la chakula na mwendo, na lililo la chupa halina ushahidi wa kutosha kulipiwa. Aliyekwisha kununua asitishike, wala asiache dawa aliyoandikiwa. Naachukue chupa yake, ampelekee daktari au mfamasia, amwambie na maradhi aliyonayo. Hasa mja mzito, anayenyonyesha, na mwenye presha, sukari au maradhi ya ini. Naaulize pia kama imesajiliwa: Tanzania Bara iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Zanzibar iko Wakala wa Chakula na Dawa, na Kenya iko bodi inayosimamia famasia na sumu. Kama unene umekuwa ugonjwa, zipo leo dawa za kweli zilizojaribiwa, lakini mlango wake ni wa daktari, nazo si vitamini.

Nanyi mnaouza, mjue kuwa Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara aliyoyaleta. Dhamana hiyo haiondoki kwa kuandika herufi ndogo chini ya karatasi. Kabla hujamuuzia binti wa mwenzio, utie mkono wako chini ya chungu, ukaguse penye maji.

Mwenyezi Mungu atupe afya katika miili yetu, ukweli katika ndimi zetu na kiasi katika sahani zetu. Wabillahit tawfiq.